David Douglas: Mtafuta mbegu aliyewaachia wengine mavuno

David Douglas alizaliwa Scotland mwaka 1799, mtoto wa mwashi, akaanza kibarua cha bustani angali mdogo. Mwaka 1824 Chama cha Kilimo cha Bustani cha London kilimtuma magharibi ya Amerika Kaskazini kutafuta mbegu.

Huko alikusanya miti ya jamii ya Abies, ndugu wa misonobari: grandis inayokua haraka, na procera yenye matawi imara. Koni zao husimama wima. Za mti unaoitwa kwa jina lake huning'inia, kwa kuwa si wa jamii hiyo.

Mwaka 1833 mtumbwi wake ulivunjika mto Fraser, akapoteza mimea na kumbukumbu zake. Mwaka 1834 alifia Hawaii, katika shimo la kutegea ng'ombe mwitu, akiwa na miaka 35. Leo wakulima wa Oregon huuza procera kama mti wa Krismasi.