Maisha ya Henry Dunant, Aliyeanzisha Msalaba Mwekundu

Katika miji yetu ya pwani ni wachache wasiopata kuiona alama ya msalaba mwekundu juu ya nguo nyeupe, pahali palipozuka moto au mafuriko. Alama waijua wengi, lakini aliyekuwa sababu yake hawamjui ila wachache. Tumeona yafaa kueleza khabari zake, ijapokuwa si mtu wa dini yetu wala wa nchi yetu. Kwani jambo la kheri hutazamwa lenyewe, popote litokapo. Na katika maisha ya mtu huyu mna funzo kwetu sisi, tulio wepesi wa kuhurumia na wepesi wa kusahau.

Henry Dunant alizaliwa Geneva, katika nchi ya Uswisi, tarehe 8 Mei 1828. Wazazi wake walikuwa watu wenye uwezo na wenye kushika dini yao, wakiwaangalia mayatima na masikini. Naye alipokuwa kijana alikuwa akenda kuwazuru wagonjwa na wafungwa. Lakini kazi yake ilikuwa biashara. Alianzisha shirika huko Aljeria, iliyokuwa chini ya Wafaransa, akajenga kinu cha kusagia ngano. Kinu kilihitaji maji, na ruhusa ya maji hakuipata kwa maofisa. Basi mwaka 1859 akafunga safari kumfuata Napoleon III, Kaisari wa Wafaransa, aliyekuwa vitani kaskazini ya Italia, ili amweleze haja yake. Tunalisema hili ili ijulikane kuwa alitoka kwao kwa kutafuta faida yake, si kwa nia ya kuanzisha jambo kubwa.

Tarehe 24 Juni mwaka huo majeshi ya Wafaransa na wenzao wa Sardinia yalikutana na majeshi ya Austria karibu na kijiji cha Solferino. Jua lilipokuchwa, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walikadiriwa kuwa kiasi cha watu 40,000. Majeruhi kwa maelfu walichukuliwa mpaka mji mdogo wa Castiglione, wakalazwa makanisani, majumbani na njiani. Madaktari walikuwa wachache mno, na watu walikufa kwa kiu na kwa majeraha yasiyofungwa.

Dunant hakuwa tabibu. Alivaa nguo zake nyeupe za safari, akaingia katika kanisa kuu la mji ule akaanza kwa jambo alilolimudu, nalo ni kuwanywesha maji wenye kiu. Akawakusanya wanawake wa mji, akawapanga wengine kuteka maji, wengine kuosha vidonda, wengine kufunga vitambaa. Akamtuma mwendeshaji wa gari lake la farasi mpaka Brescia kununua mashati, sindano, malimau, sukari, maua ya dawa na tumbaku, kwa fedha zake mwenyewe. Wanawake wale walipomwona hambagui Mfaransa na adui wake, nao wakafanya vivyo hivyo, wakisema kuwa wote ni ndugu.

Kama khabari ingeishia hapo, tungesema alikuwa mtu mwema, kama walivyo wema wengi ambao majina yao hayajulikani. Lakini Dunant aliona kuwa mikono yake miwili haitoshi, na siku zile chache hazitoshi. Angali bado huko, alimwandikia barua bibi mmoja mashuhuri wa Geneva, Valérie de Gasparin, akimwomba msaada. Barua ile ikatiwa gazetini, na watu wasiopata kuwaona majeruhi wale wakatoa walichoweza. Huo ndio uliokuwa mchango wa kwanza.

Aliporudi kwao aliandika kitabu juu ya aliyoyaona Solferino, akakipiga chapa mwaka 1862 kwa gharama yake, nakala 1,600, akawapelekea wafalme, mawaziri na wenye vyeo. Ndani yake hakuridhika na kuwaliza wasomaji. Alileta mashauri mawili. La kwanza, kila nchi iwe na chama cha watu wenye kujitolea, kijiandae wakati wa amani, kikusanye fedha, nguo na dawa, na kiwafunze wauguzi kabla vita havijaja. La pili, serikali zifanye mapatano ya kuwahifadhi majeruhi na wanaowatibu.

Mwaka 1863 watu watano wa Geneva walikaa pamoja kwa kazi hiyo: Dunant mwenyewe, mwanasheria Gustave Moynier, Jenerali Dufour, na madaktari wawili, Appia na Maunoir. Tarehe 22 Agosti 1864 dola 12 zilitia sahihi Mapatano ya Geneva. Vyama vikazaliwa nchi baada ya nchi, na katika kila nchi mikusanyiko midogo ya miji na vijiji ikichanga fedha na kushona nguo. Mwaka 1876 Dola ya Uthmaniyya ilijulisha kuwa watu wake wa tiba watatumia hilali nyekundu badala ya msalaba, na mwaka 1929 alama hiyo ilikubaliwa katika mapatano. Vita vya Balkani vilipozuka mwaka 1912, Waislamu wa Bara Hindi walichangishana, wakapeleka Uturuki madaktari chini ya Daktari Ansari. Hapa kwetu Kenya chama kilisimamishwa kwa sheria mwaka 1965. Leo vyama hivyo duniani vyapita 190.

Ama Dunant mwenyewe, mambo yake yalikwenda kinyume. Alipokuwa akishughulika na majeruhi wa watu, biashara yake ya Aljeria ilikuwa ikioza. Mwaka 1867 alifilisika, na wengi waliomwamini wakapoteza mali zao. Mwaka uliofuata mahakama ya Geneva ikamtia hatiani, na wenzake wakamtoa katika chama. Aliuhama mji wake asirudi tena. Alilala njaa mjini Paris, akipaka wino koti lake lililochakaa ili lionekane jeusi. Mwishowe akafikia kijiji cha Heiden, na tangu mwaka 1892 akakaa katika chumba kimoja cha hospitali. Watu wengi walidhani amekwisha kufa, mpaka mwandishi wa gazeti alipomgundua mwaka 1895. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ya kwanza kutolewa, pamoja na Frédéric Passy. Alifariki tarehe 30 Oktoba 1910, na katika wasia wake alitenga fedha ili pawe na kitanda cha bure Heiden kwa mgonjwa masikini.

Hatufichi kosa lake. Deni ni deni, na waliopoteza mali zao walikuwa na haki. Lakini lizingatieni hili: yeye alianguka, na chama hakikuanguka naye. Kwa nini? Kwa sababu hakikuwa chake. Kazi ilikwisha kukabidhiwa watu wengi, kwa kanuni zilizoandikwa, wala kheri ile haikufungwa katika mfuko wa mtu mmoja.

Sasa na tujitazame. Nyumba ikiungua mtaani petu, kabla ya jua kuchwa twachanga fedha, magodoro na masufuria. Huruma hatuna upungufu nayo. Lakini mchango hukaa mkononi mwa bwana mmoja mwaminifu. Akisafiri, au akifa, au akishukiwa, jambo limekwisha, na msiba ujao hutukuta tukianza tena mikono mitupu. Haujambo mtaa wenye watu watatu wa kuandika daftari, mweka hazina wa kuulizwa, na akiba ya senti kila mwezi kabla ya moto kuwaka. Mwenye kutoa kidogo na ajue kuwa kidogo chake kina pahali pa kukaa na kukua. Huruma ni amana, na amana haitupwi njiani ikangojewa iote yenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika mambo ya kheri, na atujaalie kudumu nayo.