A. J. P. Taylor

Alan John Percivale Taylor (Birkdale, 25 Machi 1906 – London, 7 Septemba 1990) alikuwa mwanahistoria, mwandishi na mtangazaji wa Uingereza.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya mfanyabiashara tajiri wa pamba iliyofuata siasa za mrengo wa kushoto. Alisoma Chuo cha Oriel, Oxford, akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1930. Huko alizoea kutoa mihadhara bila karatasi mkononi. Mwaka 1938 alirudi Oxford akiwa mwalimu wa Chuo cha Magdalen.

Kazi

Kitabu chake *The Struggle for Mastery in Europe* (1954), kuhusu ushindani wa mataifa makubwa ya Ulaya kati ya 1848 na 1918, kilimpatia heshima mbele ya wataalamu. Wananchi wa kawaida walimjua zaidi kwa makala zake magazetini na kwa mijadala ya televisheni aliyoshiriki tangu 1950. Mwaka 1957 alianza kutoa mihadhara katika ITV, wa kwanza ukihusu mapinduzi ya Urusi. Alisimama peke yake mbele ya kamera kwa nusu saa, bila maandishi wala picha, akamaliza muda ulipokwisha. Ni vigumu kufikiria kipindi kikavu kuliko hicho, lakini watazamaji walikipenda.

Mwaka huohuo cheo kikuu cha uprofesa wa historia Oxford alipewa Hugh Trevor-Roper. Wengi waliona kwamba umaarufu wa Taylor magazetini ndio uliomponza.

Mabishano makali zaidi yalizuka mwaka 1961 alipotoa *The Origins of the Second World War*. Alidai kwamba Hitler hakuwa na mpango kamili wa vita, bali alitumia nafasi alizopewa na makosa ya viongozi wengine, na kwamba malengo yake ya nje hayakutofautiana sana na ya watawala wa Ujerumani waliomtangulia. Trevor-Roper alimpinga kwa maandishi na pia ana kwa ana katika televisheni. Wengine walimshutumu kwamba anamsafisha Hitler, ingawa Taylor mwenyewe alikuwa amepinga sera ya kumridhisha Hitler kabla ya vita.

Mihadhara yake ya mwisho ya televisheni, kuhusu jinsi vita vinavyomalizika, ilirushwa mwaka 1985, akiwa tayari anaugua ugonjwa wa Parkinson.