Maurice Stokes: Jabali Lililoanguka na Rafiki Asiyeondoka

Lililonikumbusha habari za Maurice Stokes wa Marekani lilitokea Nyamasaria, pale upitapo ukitoka Ahero kabla hujaingia mjini Kisumu. Nilikuwa mgeni wa sahibu yangu huko, na alasiri moja tulikwenda kuwatazama vijana wakicheza mpira wa kikapu. Kijana mmoja mrefu aliruka, akaanguka chali, akapiga kisogo kwenye saruji. Akalala kimya. Wenziwe wakammwagia maji, akafumbua macho, akainuka akiyumba, na watu wakampigia makofi arudi mchezoni. Mimi sikupiga. Nilimshika mkono nikamketisha kando yangu, na wale vijana wakaninung'unikia kwa kuwaharibia mchezo wao. Jioni, baada ya kumpeleka kwa daktari, niliwasimulia habari hii.

Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni 1933 huko Rankin, karibu na Pittsburgh, baba yake akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Alikwenda kusoma Saint Francis, chuo kidogo cha Kikatoliki katika mji wa Loretto, ambacho watu wengi walikuwa hawajapata kukisikia. Yeye ndiye aliyekifanya kisikike. Mwaka 1955 chuo hicho kilimaliza cha nne katika mashindano makubwa ya New York, na juu ya hivyo Stokes akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote. Si ada mtu wa timu ya nne kupewa heshima hiyo.

Mwaka huo huo akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Rochester Royals. Alikuwa jabali la mtu, urefu wake futi 6 na inchi 7, lakini mwepesi wa miguu na mwema wa pasi. Mwaka 1956 alitajwa mchezaji mpya aliye bora. Msimu uliofuata alidaka mipira 1,256 iliyorudi kutoka kikapuni, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake. Mwaka 1957 timu ilihamia Cincinnati. Kwa misimu mitatu aliyocheza, mara zote tatu aliitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi.

Kisha ikafika tarehe 12 Machi 1958. Katika mchezo wa mwisho wa msimu, mjini Minneapolis, Stokes alianguka akapiga kichwa sakafuni, akapoteza fahamu. Wakamnusisha dawa ya kumzindua, akaamka, akarudishwa uwanjani. Siku tatu baadaye alicheza tena Detroit. Ndani ya ndege ya kurudi nyumbani akashikwa na kifafa, kisha akazama katika usingizi usioamshika. Alipozinduka, mwili mzima ulikuwa umepooza na ulimi hausemi, lakini akili yake ilikuwa timamu. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Siku hizo mchezaji hakuwa na bima ya matibabu wala malipo ya uzeeni ya kutegemea. Gharama za hospitali zikawa zinapanda, na fedha zake zimo benki, naye hawezi kutia sahihi. Msimu umekwisha, wachezaji wametawanyika makwao. Aliyekuwa na maskani Cincinnati ni mwenzake mmoja, Jack Twyman, mzungu, naye ana mke na watoto. Twyman akaenda mahakamani akaomba awe mlezi wa Stokes kisheria, akakubaliwa. Mlezi mwenyewe alikuwa na miaka 23.

Twyman akamdaia fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini, na akaipata. Tena akaanzisha mchezo wa harambee katika hoteli ya Kutsher's, jimbo la New York, ambako nyota wa ligi walikuwa wakija kila mwaka kumchezea mwenzao. Wilt Chamberlain naye alikuwamo. Kwa kuwa Stokes hakuweza kusema, Twyman alimsomea herufi moja moja, naye akapepesa jicho ilipofika aitakayo. Hivyo ndivyo walivyozungumza. Kwa mazoezi ya miaka, Stokes alipata kutumia vidole vyake, akapiga taipu na kuchora picha.

Aliishi hivyo miaka 12. Alifariki tarehe 6 Aprili 1970 kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 36, akazikwa Loretto, kwenye chuo chake. Mwaka 2004 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Twyman alifariki mwaka 2012, na mwaka uliofuata ligi ikaanzisha tuzo ya mchezaji aliye mwenzi bora kwa wenzake, ikaipa majina yao wote wawili.

Sisi watu wa Pwani tunalijua neno amana. Twyman hakukabidhiwa amana ile na mtu. Aliiona chini, akaiokota, akaibeba miaka 12 pasi na kuitua.

Kijana wetu wa Nyamasaria aliamriwa na daktari apumzike asiguse mpira, naye akanuna. Lakini asubuhi nilipokuwa nikiondoka nilimkuta kibarazani kwao, na kando yake ameketi mmoja wa wale walioninung'unikia. Nikapita taratibu, nisiwaharibie mazungumzo.