Bibi Salme: Ubatizo na Harusi Siku Moja



Leo nawaletea habari za Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844. Alijifundisha kuandika kwa siri, kwa maana wasichana wa jumbani hawakufundishwa kazi hiyo. Mwaka 1859 kaka zake, Majid na Barghash, waligombania kiti cha baba yao. Salme akawa mwandishi wa upande wa Barghash. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka huo huo mama yake Salme alikufa kwa kipindupindu. Baadaye alipopatana na Majid, wenzake wa zamani walimkasirikia. Akabaki mpweke kati ya ndugu waliogawanyika.

Ndipo akapendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akapata mimba. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akajifungua huko. Tarehe 30 Mei 1867, Ruete alipokwisha kufika, Salme alibatizwa akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Wakaenda Ujerumani kuanza maisha mapya. Mtoto wao alifariki mwaka huo.

Tazama, ndugu msomaji: ubatizo na harusi siku moja! Baadaye aliandika mwenyewe kwamba aliingia Ukristo bila kuufahamu. Kule Hamburg, kwenye baridi na lugha ngeni, ya zamani alikuwa ameyaacha na mapya hayajaingia moyoni. Tegemeo lake lilikuwa mume. Wakajaliwa watoto watatu. Agosti 1870 Ruete alipata ajali ya tramu ya farasi, akafa. Mtoto wa mwisho hakuwa ametimiza hata miezi sita.

Salme hakuolewa tena. Alifundisha Kiarabu, akahama mji hadi mji, akalea wanawe, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888, lakini hakupewa urithi aliodai. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga kidogo wa Unguja.

Hapa Buyangu nyumba nyingi zina mke aliyetoka dhehebu lingine. Wengine huja kwangu kujiandikisha mafundisho harusi ikiwa imekaribia, kwa kuwa mchumba ameagiza hivyo. Bwana, usimharakishe mwenzako. Mpe nafasi ya kuuliza na kuelewa, wala usimkataze kwenda kuwasalimu watu wa kwao. Mapendo ya kweli humwachia mtu mizizi yake.

Jioni hii, watoto wakishalala, muulize mkeo: Kama Mungu akiniita kesho, wewe utasimama juu ya nini? Imani uliyoipokea ni yako, au ni yangu uliyoazima? Kisha nyamaza umsikilize.