Ibn al-Nafis: Tabibu na Faqihi Aliyeeleza Njia ya Damu Mapafuni



Watu wa Shinyanga na Geita wanajua thamani ya pafu zima. Kijana anayechoronga mwamba au kusaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha huvuta vumbi laini kila siku. Vumbi hilo hukakamaza mapafu na kuyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu. Tabibu anayempima anatumia elimu ambayo msingi wake mmoja uliandikwa na Mwislamu wa madhehebu ya Imam Shafi'i, zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Kuzaliwa na masomo yake

Ni Alaa al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa Sham karibu na mwaka 607 Hijria (1210). Alisoma tiba katika hospitali ya Nuri, Damascus, kwa mwalimu Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar. Masomo yalikuwa na mpangilio: mwanafunzi alifuatana na mwalimu wake kwa wagonjwa, kisha wakakaa kusoma vitabu na kujadiliana. Baadaye alihamia Cairo, akawa mkuu wa matabibu, na akafundisha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya.

Kazi yake kubwa

Kwa karne nyingi matabibu walishika kauli ya Galen, kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu vya ukuta wa kati. Mwaka 1242, akisherehesha sehemu ya Qanun ya Ibn Sina inayohusu maumbile ya mwili, Ibn al-Nafis aliikataa kauli hiyo. Alieleza kuwa ukuta ule ni mzito, hauna tundu. Damu huenda mapafuni, huchanganyika na hewa, ndipo hurudi upande wa kushoto. Wazungu waliandika hayo karne ya 16.

Kitabu chasahaulika, kisha chapatikana

Mwaka 1924 kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, akisomea udaktari Freiburg, Ujerumani, alifanyia utafiti nakala ya sherehe hiyo iliyohifadhiwa Berlin. Tasnifu yake ndiyo iliyorudisha jina la Ibn al-Nafis mbele ya wanazuoni wa tiba.

Kufariki kwake

Alifariki Cairo mwaka 687 Hijria (1288). Inasimuliwa kuwa katika maradhi yake ya mwisho alishauriwa anywe mvinyo kama dawa, akakataa, asije akakutana na Mola wake na kileo mwilini. Nyumba na vitabu vyake aliviweka wakfu kwa hospitali ya Mansuri.

Mafunzo tunayoyapata

Wazazi wengi humtaka mtoto aliyemaliza udaktari aanze kazi mara moja, na miaka ya uzamivu huiona ni hasara. Lakini kauli yenye makosa ilidumu zaidi ya miaka elfu kwa sababu haikupimwa, na iliyo sahihi ilipotea mpaka mwanafunzi mmoja alipoitafuta. Vumbi la machimbo yetu nalo linahitaji watafiti waliolelewa na walimu, wakiwa karibu na wagonjwa. Na aliyeruzukiwa dhahabu asisahau wakfu wa elimu. Huyu tabibu alitoa hata nyumba yake.

Allah amrehemu, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Aamin.