Padri Marin Mersenne na Namba Tasa Zenye Jina Lake



Jumuiya Ndogo Ndogo yenye watu 31, iwe ya Mbagala au ya Tandale, haigawanyiki katika vikundi vilivyo sawa. Tujaribu wawili wawili, watatu watatu, watano watano: daima atabaki mtu. Namba ya namna hiyo, inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, tuliifahamu shule ya msingi kwa jina la namba tasa. Ziko namba tasa zinazoitwa kwa jina la padri mtawa, Marin Mersenne.

Alizaliwa Ufaransa tarehe 8 Septemba 1588, akasoma kwa Wajesuiti huko La Flèche, kisha Paris. Mwaka 1611 alijiunga na Waminimi, watawa wa Mtakatifu Fransisko wa Paola, ambao kwa nadhiri hula chakula cha Kwaresima mwaka mzima, bila nyama, mayai wala maziwa. Alifundisha falsafa mjini Nevers, halafu akarudi katika konventi ya Paris. Majarida ya sayansi hayakuwapo bado, hivyo yeye ndiye aliyewaunganisha wasomi kwa barua: Descartes, Fermat na wengine wengi. Alichogundua mmoja, Mersenne alikipeleka kwa mwingine pamoja na maswali.

Mwaka 1644 alichapisha kitabu chenye dai zito. Tuzidishe 2 tano kwa pamoja: tunapata 32. Tukitoa 1, inabaki 31, namba tasa. Lakini tukizidisha 2 kumi na moja na kutoa 1, tunapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89, si tasa. Je, ni idadi zipi za 2 zinazoleta namba tasa? Mersenne alitaja, hadi kufikia 257, hizi tu: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakutoa uthibitisho, tena alikiri kwamba kupima namba kubwa hivyo ni kazi isiyo na mwisho.

Wengine waliichukua kazi hiyo. Mwaka 1772 Euler alithibitisha ile ya 31, yaani 2,147,483,647. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha ya 127, yenye tarakimu 39, na akaonyesha kwamba ya 67 si tasa. Mwaka 1903 Cole alipata vigawo vyake: 193,707,721 na 761,838,257,287. Ukaguzi wa orodha nzima ulikamilika 1947. Mersenne alikuwa amekosea mara tano: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na alisahau 61, 89 na 107.

Hata hivyo jina lake lilibaki. Namba tasa iliyogunduliwa Oktoba 2024, kubwa kuliko zote zilizojulikana, ni ya Mersenne, na ina tarakimu 41,024,320.

Alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648, akiwa ameagiza mwili wake upasuliwe ili madaktari wajifunze.

Sisi tunaosomea falsafa, kesho tutasimama mbele ya vijana wa parokia wenye maswali magumu kuhusu imani na sayansi. Tusiyaogope. Tuseme tunachokijua, na tusichokithibitisha tukiweke wazi ili wengine wakipime. Padri huyu alifanya hivyo, akasahihishwa kwa miaka 300, na ukweli haukupungukiwa na kitu.