Aliyeifikia Batian Hakupanda Peke Yake

Mkazi wa Eastlands hulitamka jina la Kariokor kila siku bila kulifikiria. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo limetokana na matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Pangani nako kuna jina la bandari ya pwani ya Tanganyika ambayo misafara ya kale iliitumia kuingia bara, na watu wa kijiji cha zamani cha Pangani ndio waliobomolewa nyumba zao mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wao wakahamia Shauri Moyo. Naam, mitaa yetu imejaa kumbukumbu za watu waliobeba mizigo ya wengine. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu hunilazimisha kuyauliza majina yalikotoka. Ndiyo maana leo naandika juu ya maisha ya mtu ambaye msafara wake uliondoka hapa Nairobi kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa watu, akaenda kuvipa majina vilele vya Mlima Kenya. Mtu huyo ni Sir Halford John Mackinder.

Mackinder alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika mji mdogo wa Gainsborough, Uingereza, akiwa mtoto wa daktari. Alisoma Oxford, kwanza elimu ya viumbe, kisha historia. Mwaka 1887 chuo hicho kilimteua kuwa mhadhiri wa jiografia, somo ambalo wakati huo wasomi wengi hawakulihesabu kuwa taaluma kamili. Mwaka 1892 akawa mkuu wa kwanza wa chuo kipya mjini Reading, na mwaka 1899 idara maalumu ya jiografia ikafunguliwa Oxford chini yake. Alikuwa mwalimu hodari na msemaji mwenye kuvutia. Hata hivyo, alikuwa na upungufu mmoja machoni pa wakubwa wa taaluma yake: hajasafiri. Katika zama hizo, mwanajiografia asiyeingia nchi za mbali alionekana kama nahodha asiyeijua bahari.

Mlima Kenya ulikuwa tayari umeandikwa katika vitabu vya Ulaya. Mmisionari Ludwig Krapf, ambaye sisi watu wa lugha tunamheshimu kwa kamusi yake ya Kiswahili, aliuona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, na jina analolitumia taifa letu lilipitia masikioni mwake kutoka vinywani mwa Wakamba. Count Teleki alifika kwenye miteremko yake ya juu mwaka 1887, naye J. W. Gregory akaifikia mito ya barafu mwaka 1893. Kilele chenyewe kilikuwa bado. Mjerumani Hans Meyer alikuwa ameshafika kileleni Kilimanjaro mwaka 1889, na Mackinder aliingiwa na hofu kwamba Meyer angemtangulia na huku pia. Akafanya haraka.

Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi mwezi Mei 1899, na mahali hapa palikuwa kambi ya mahema na mabati katika uwanda wa tope. Mwishoni mwa Julai msafara ukaondoka. Ulikuwa na watu 170: Wazungu sita, Waswahili 66, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Kwa kila Mzungu mmoja palikuwa na Waafrika zaidi ya 27. Kati ya Wazungu hao sita, wawili hawakuwa mabwana. César Ollier na Joseph Brocherel walikuwa viongozi wa mlimani kutoka Courmayeur, kijiji cha Italia kilicho chini ya milima ya Alps, ambako kazi ya kuwapandisha wageni milimani ilikuwa na chama chake tangu mwaka 1850. Walikuja kwa ujira.

Inafaa tuieleze kazi hiyo, kwa maana wengi wetu tunaishi karibu na barafu ile bila kuifahamu. Kiongozi wa mlimani hutangulia. Hufungwa kamba moja na mgeni wake, ili mmoja akiteleza mwingine amzuie. Huusoma mwamba na kujua jiwe gani litashika na lipi litang'oka. Kwenye barafu kali huchonga ngazi kwa shoka, hatua baada ya hatua, mgeni akimfuata katika nyayo zilizokwisha kukatwa. Mgeni huhitaji moyo na mapafu. Kiongozi huhitaji hayo mawili, na juu yake maarifa ya miaka mingi.

Msafara ulipita katika nchi iliyokuwa ikiteketea. Njaa kuu na ndui viliivamia nchi ya Wakikuyu mwaka huo, na watu 170 wenye matumbo walikuwa wakitafuta chakula kwa wenyeji wasiokuwa nacho. Ugomvi haukuweza kuepukika. Walipofika kambi yao ya chini tarehe 18 Agosti, chakula kilikuwa kimekwisha, na watu wawili wa msafara wakauawa. Mwenzao mmoja, Saunders, akatumwa hadi Naivasha kuomba msaada wa serikali.

Huku nyuma Mackinder akaanza kujaribu. Tarehe 30 Agosti yeye na viongozi wake wawili waliupanda uso wa kusini mashariki, usiku ukawakuta hawajafika, wakarudi. Tarehe 5 Septemba viongozi hao waliuzunguka mlima pamoja na Campbell Hausburg, mjomba wa mke wa Mackinder, wakitafuta njia rahisi zaidi, wasiione. Tarehe 11 wakaenda wawili peke yao, bila bwana, wakapanda mto wa barafu wa Darwin hadi dhoruba ya theluji ilipowarudisha. Msaada ulipowasili kutoka Naivasha, watatu hao wakapanda tena. Walilala mwambani, na alfajiri wakaivuka theluji hadi kwenye barafu moja ngumu kiasi kwamba waliiita Almasi. Ngazi zikachongwa humo kwa saa kadhaa. Adhuhuri ya tarehe 13 Septemba 1899 watu watatu wakasimama juu ya Batian, mita 5,199 kutoka usawa wa bahari.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kiswahili kinatofautisha kupanda, kupandisha na kupandishwa. Vitabu vyetu vya shule vimezoea kusema kwamba Mackinder alipanda. Sikatai, kwani miguu ilikuwa yake, na ushujaa hauwezi kunyimwa mwalimu wa miaka 38 aliyelala usiku kucha juu ya mwamba ule. Lakini ukweli kamili ni kwamba alipandishwa, na waliompandisha walitanguliwa na watu waliobeba kamba, mahema na unga kutoka Nairobi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tuyatazame sasa majina. Vilele vikuu Mackinder aliviita Batian, Nelion na Lenana, kwa heshima ya ukoo wa malaibon wa Kimaasai. Afadhali hivyo kuliko majina ya wafalme wa Ulaya, ingawa Wakikuyu, Waembu na Wameru wanaolima chini ya mlima huo hawakuulizwa neno. Bonde kubwa likaitwa la Mackinder na jingine la Hausburg. Viongozi wawili nao walikumbukwa: kuna mto wa barafu unaoitwa Cesar na mwingine unaoitwa Josef. Mabwana wamepewa majina ya ukoo. Watu wa ujira wamepewa majina ya kuitia, kama mtu anavyomwita mtumishi wa nyumbani. Wapagazi 162 hawakupewa hata jiwe. Asemaye kwamba majina ni maneno tu na aiangalie ramani hiyo. Ngazi nzima ya vyeo vya mwaka 1899 imechongwa humo.

Kuna jambo zito zaidi. Katika karatasi zilizosalia za msafara huo imo orodha ya wapagazi, na majina manane kati yake yametiwa alama kwamba wenyewe walipigwa risasi kwa amri. Katika masimulizi ambayo Mackinder aliyatangaza baada ya kurejea kwao, watu hao wanane hawakupewa nafasi. Shajara yake ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1991 tu, na tangu hapo wataalamu wa historia ya jiografia wamelijadili suala hilo. Mimi nitasema la fani yangu. Kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kulitaja tendo na kumficha mtendaji. Walipigwa risasi, na nani? Kwa amri, amri ya nani? Sarufi inaruhusu sentensi iishie hapo. Haki hairuhusu.

Mackinder aliporudi Uingereza milango ilimfungukia. Aliongoza chuo cha uchumi na siasa cha London kuanzia mwaka 1903 hadi 1908. Mwezi Januari 1904 alitoa mhadhara uliompa umaarufu wa kudumu, akidai kwamba nchi za ndani za Ulaya na Asia ndizo mhimili wa nguvu za dunia. Wanasiasa na majemadari wa mataifa mengi wamebishana juu ya wazo hilo hadi leo. Alikuwa mbunge wa Glasgow tangu 1910 hadi 1922, akatumwa kusini mwa Urusi kama mwakilishi wa serikali yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapewa cheo cha Sir mwaka 1920. Alifariki tarehe 6 Machi 1947, akiwa na umri wa miaka 86.

Na wenzake wa kamba? Ollier na Brocherel walirudi Afrika Mashariki mwaka 1906 pamoja na Mtawala wa Abruzzi, wakawa miongoni mwa waliofika vileleni Rwenzori. Hivyo basi, Waitalia wawili wa kijijini walivikanyaga vilele vya milima miwili kati ya mitatu iliyo mirefu zaidi Afrika, jambo ambalo bwana wao wa 1899 hakulifikia. Sisi wenyewe tulisubiri mpaka mwaka 1959, ambapo Kisoi Munyao ndiye Mwafrika wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu kuwa aliifikia Batian. Ndiye pia aliyeisimamisha bendera yetu juu ya Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963.

Yamkini msomaji wa Kaloleni au Makongeni atauliza haya yanamhusu nini, ilhali ana kodi ya nyumba ya kulipa. Yanamhusu. Mji huu ulianza kama kituo cha mizigo, na waliobeba mizigo hiyo ndio waliojenga vijiji vya kwanza vya upande huu wa mto. Mtoto wa Eastlands akifundishwa kwamba mlima wa nchi yake ulipandwa na mtu mmoja, anafundishwa pia kwamba watu wa namna ya babu yake hawakuwapo. Siombi jina la Mackinder lifutwe bondeni. Naomba mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. La kwanza, vitabu vya shule viandike majina matatu pale vilipozoea kuandika moja. La pili, ile orodha ya wapagazi ichapishwe hapa nchini, kwa Kiswahili, jina kwa jina, pamoja na yale manane, ili wanaotaka kutafuta jamaa zao watafute.

Tena tufanye hima. Mto wa barafu wa Lewis, ambao watu wale watatu waliuvuka, ulipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na mingine mlimani humo imetoweka kabisa. Barafu hatuwezi kuirudisha juu kwa kalamu. Majina tunaweza.